Dingbo kamuuza mzuka kwa 1,500, sawa, ila aliyenunua je?

Wiki iliyopita umeme ulikatika kwetu kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, na watoto si unawajua, simu zikiisha chaji wanatafuta mtu wa kumsumbua, basi wakanivamia mimi, "anko tupe stori ya kutisha". Nikawapa moja ya Wachina niliyoisoma zamani na haijawahi kunitoka kichwani, ya kijana anaitwa Song Dingbo aliyekutana na mzuka usiku. Wakacheka mpaka yule mdogo akapaliwa. Mama yangu alikuwa pembeni anajipepea na kipande cha boksi, hakucheka, aliuliza kitu kimoja tu, "haya, na huyo aliyemnunua je?" Nikamwambia mama, hadithi imeishia hapo. Akasema imeishia kwako.

Kwa asiyeijua, yenyewe ni fupi. Dingbo ni kijana wa Nanyang, kwa sasa hiyo iko mkoa wa Henan huko China. Anatembea usiku peke yake, anakutana na mtu, anamuuliza we nani, jamaa anajibu bila kupepesa, mimi mzuka. Na wewe je? Dingbo anasema hata mimi mzuka. Unaenda wapi? Soko la Wan. Aa, hata mimi hukohuko. Wakaongozana. Wamekwenda kidogo mzuka anasema kutembea hivi tunachoshana, kwa nini tusibebane kwa zamu? Dingbo anaona safi sana. Mzuka akaanza yeye kubeba, kidogo tu akalalamika, mbona mzito hivi, we kweli mzuka? Dingbo akasema mi mzuka mpya ndo maana mwili bado mzito. Ikaja zamu yake, akambeba mzuka, mwepesi kama hajabeba kitu. Wakapokezana hivyo mara kadhaa, na katikati ya safari Dingbo kwa ile sauti ya mtu anayetaka kujifunza akauliza, mkubwa, mi mgeni huku, hivi sisi mizuka tunaogopa nini? Mzuka akamwambia hakuna, ila mate ya binadamu tu ndo hatuyapendi. Wakafika mtoni, mzuka akavuka kimya, maji hayakusikika hata kidogo, Dingbo akavuka chwaa chwaa chwaa. Mbona kelele? Nimekufa juzi tu sijazoea kuvuka maji, usinishangae. Yakaisha. Walipokaribia Wan, Dingbo akampakia mzuka begani na safari hii akambana kwelikweli, mzuka anapiga kelele ashushwe, wapi, mpaka katikati ya soko. Kumtua chini akageuka kondoo, au mbuzi, maana neno la Kichina hapo linabeba wote wawili. Dingbo akamuuza, na kwa kuogopa asije akageuka kitu kingine akamtemea mate. Akachukua sarafu zake 1,500 akaondoka.

Basi. Mwishoni kumewekwa kamsemo cha Shi Chong, kwamba Dingbo kauza mzuka kapata elfu na mia tano. Huyo Shi Chong alikuwa tajiri wa kutupwa, wa kushindana na matajiri wenzake nani ana vitu vya thamani zaidi, na aliuawa mwaka 300. Mi huwa najiuliza mbona anayemshangilia Dingbo ni tajiri, ila tuache hilo.

Kabla sijaenda mbali, neno lenyewe. Nimeandika mzuka na najua kuna watakaonirukia kwamba ni jini na wengine watasema mzimu. Kichina ni gui, na gui sio jini, jini kwetu ni kiumbe kingine kabisa ambacho hakijawahi kuwa mtu, kina ukoo wake, kinaoa kinazaa, kinaweza hata kukaa na wewe nyumba moja miaka. Gui ni mtu aliyekufa. Kamusi yao ya kale kabisa inalifafanua neno hilo kwa kulifananisha na neno lingine linalotamkwa karibu sawa, lenye maana ya kurejea, na hapo Mswahili huhitaji kuelezwa sana, si tunasema wenyewe mtu akifa, kwake tutarejea. Mzimu ungekaribia, ila mzimu una heshima yake na una mahali pake pa kutambikiwa, humkuti anakatiza njia usiku anawahi soko. Ndo nikabaki na mzuka. Ila shikilia hapo kwamba gui ni mtu aliyekufa, ni babu wa mtu, na mpaka leo siku ya 15 ya mwezi wa saba kwa kalenda yao ya mwezi Wachina wengi wanaweka chakula na ubani nje kwa ajili ya wafu, hasa wale wasio na ndugu wa kuwakumbuka.

Sasa tuje kwenye ugomvi, Dingbo ni mjanja au tapeli? Upande wa Dingbo una mashabiki wengi na wana hoja, tena nzito. Wewe unayesema angemuaga tu sokoni kwa amani, umewahi kupita usiku peke yako karibu na makaburi? Mi nimewahi, nilikuwa kidato cha pili, nikaona kitu cheupe kinaning'inia kwenye mwembe, nikatoka nduki mpaka ndala moja ikabaki hukohuko, asubuhi tumeenda kuangalia kumbe mfuko wa sandarusi. Huo ulikuwa mfuko tu na haukunisemesha. Dingbo kasemeshwa, tena kaambiwa kabisa mimi ni mzuka, hana panga, hana tochi, hana hirizi, hana shehe wa kumpigia simu, na bado akili haikumkimbia. Ile "hata mimi mzuka" mi namsamehe moja kwa moja, ni uongo wa kujiokoa, ningeweza ningeusema na mimi.

Na hakuwa anaogopa bure. Hadithi hii tunaipata kwenye mkusanyiko wa Gan Bao, mwanahistoria wa mwanzoni mwa karne ya 4, na humohumo kuna ya bwana mmoja anaitwa Ruan Zhan aliyekuwa anashikilia kwamba mizuka haipo, na hakuna mtu aliyekuwa anamshinda kwenye mjadala. Siku moja akaja mgeni, msomi, wakaanza kubishana kuhusu mizuka, wakabishana weee mpaka mgeni akaishiwa hoja. Ndo akabadilika uso, akasema tangu kale watu wakubwa wote wanazungumzia mizuka, we peke yako unasemaje haipo, mimi mwenyewe ni mzuka! Akageuka umbo la ajabu akapotea. Ruan Zhan alibaki kanyamaza, rangi imemtoka, na baada ya kama mwaka akafa. Mzuka kashindwa kwa hoja kashinda kwa kuwepo, mi hiyo nayo inanichekesha sana, ila ona tofauti, aliyemwambia mzuka "haupo" alikufa, na aliyemwambia "hata mimi" kaondoka na 1,500. Kwa hiyo shabiki wa Dingbo akikwambia usiku huo ilikuwa ama yeye ama mzuka, hasemi upuuzi.

Halafu kuna ile akili ya kumuuliza adui mwenyewe unaogopa nini. Hapo ndo watoto walipiga makofi. Na mate yenyewe kwetu yanaeleweka haraka, hayahitaji maelezo, ukiota ndoto mbaya si unafundishwa uteme upande wa kushoto mara tatu, na Wamasai wazee wanatemea mtoto mate kumbariki. Yaani dawa ya mzuka Dingbo alikuwa nayo mdomoni tangu anatoka nyumbani na hajui, akaambiwa na mzuka.

Haya, hapo nimemtetea vya kutosha. Sasa msome mzuka.

Huyu mzuka usiku mzima hajatisha mtu. Hebu rudi juu uangalie. Kaulizwa we nani, kasema ukweli. Kaona mwenzake anachoka, katoa wazo la kubebana, na aliyeanza kubeba ni yeye. Kaulizwa udhaifu wake, kausema. Kaambiwa atangulie mtoni, katangulia. Kila alichosema ni kweli, kila alichosema Dingbo ni uongo isipokuwa kimoja, kwamba anaenda sokoni. Na usidhani mzuka ni mjinga, hapana, hilo ndo linaloniuma, mzuka aliona. Mara mbili aliona kitu hakiko sawa, uzito wa kwanza, kelele za maji wa pili, na zote mbili akauliza swali sahihi kabisa, na zote mbili akajibiwa jibu lilelile, mi mgeni. Akalipokea. Maana nani hajawahi kuwa mgeni? Kilichommaliza mzuka ni adabu yake ya kumvumilia mgeni. Sisi tunasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, huyu mgeni hata usiku mmoja haujaisha kampiga mwenyeji jembe la kichwa.

Na ucheshi wote uko hapo. Kwetu stori ya mgeni na mwenyeji ni ya stendi ya mabasi, mgeni anashuka na begi lake, mwenyeji mmoja mchangamfu anakuja, lete nikusaidie kubeba, na begi ndo limeenda. Hapa wamegeuza, mwenyeji ndo kabeba mgeni na aliyeingizwa mjini ni mwenyeji, tena kaingizwa mjini kwelikweli, mabegani, anapiga kelele. Na Dingbo wanasema alikuwa kijana wakati huo, yule mzuka ni mkongwe wa kazi, kwa mila zetu ilitakiwa hata aanze na shikamoo. Nilipowaambia hivyo watoto mmoja akauliza mzuka anaitikia marahaba kwa sauti gani, nikakosa jibu na hapo pia.

Mi kwa maoni yangu mstari uko mtoni. Mpaka wanavuka ule mto Dingbo anajiokoa, na kila uongo hapo nampa. Ila alipofika ng'ambo tayari anajua habari ya mate, silaha anayo, angeweza kutema mara moja na kuondoka zake, au asiteme kabisa, waagane pale sokoni, kila mtu na njia yake na mzuka asijue mpaka leo. Yeye akachagua kubeba. Kilichofuata baada ya mto ni biashara, na biashara ya kumuuza mtu aliyekubeba mgongoni sijui unaitetea vipi.

Watu wanajibu, we unachukulia serious sana, ni ngano, na ngano ukiziweka mahakamani hatabaki mtu, Sungura wetu angekuwa na kifungo cha maisha. Ni kweli. Ila Sungura na Abunuwasi wana kanuni yao ambayo Dingbo hana. Angalia ile ya Abunuwasi na sufuria, kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kingine kidogo ndani yake, kamwambia sufuria lako limezaa, jirani kafurahi kachukua vyote viwili bila kuuliza swali, siku nyingine Abunuwasi kaazima tena akasema sasa limekufa, na jirani hana pa kushika maana kama uliamini limezaa amini na kufa. Pale tunacheka kwa roho safi kwa sababu jirani kanaswa na tamaa yake. Fisi naye hivyohivyo, siku zote ananaswa na tumbo. Mzuka wa Nanyang kanaswa na nini? Ukarimu. Hiyo ndo inafanya kicheko kiwe na kamwiba ndani, unacheka halafu unajisikia kama umechangia.

Na sio kwamba Wachina wa zamani hawakuliona hilo. Kuna ngano yao nyingine ya karne ya 5 hivi inayofanana sana kwa utani, mi naipenda kuliko hii ya Dingbo ila watu hawaijui. Mzuka mpya, amekonda vibaya mno kwa njaa, anakutana na rafiki yake aliyekufa miaka 20 nyuma, huyo kanenepa anang'aa. Unakula wapi mwenzangu? Aa, we ingia nyumba za watu uwafanyie vituko, wakiogopa watakupa chakula. Mzuka mpya akaenda nyumba ya kwanza, watu wa dini sana, wafuasi wa Buddha, akaona jiwe la kusagia akaanza kulizungusha kwa nguvu zake zote apate kutisha. Mwenye nyumba akasema Alhamdulillahi kwa namna yao, Buddha kaona umasikini wetu katuletea mzuka wa kutusagia, leteni ngano zaidi! Akasaga mpaka usiku, hajapata hata tonge. Akaenda nyumba ya pili, hao ni wa dini ya Dao, akashika mtwangio, wakamwongezea nafaka atwange vizuri. Akarudi kwa rafiki yake analia, akaambiwa we umeenda kwa watu wa dini na hao hawatishiki, nenda kwa watu wa kawaida. Nyumba ya tatu akambeba mbwa wao mweupe akawa anatembea naye hewani, hapo ndo wakaogopa, mpiga ramli akawaambia kuna mzuka mgeni ana njaa, wakamchinja mbwa, wakatenga na pombe na wali na matunda, akala akashiba, na tangu hapo akajua kazi.

Ukimsimulia hiyo mtu wa huku atakwambia hiyo si ni msukule tu, mfu anayelimishwa shamba la mtu usiku bila ujira. Na ndiyo, ila kule anayetumikisha sio mchawi, ni mwenye nyumba mcha Mungu ambaye wala hakuwa na nia mbaya, kaona mtwangio unapanda na kushuka wenyewe kasema neema hiyo, ongeza nafaka. Yaani ukiziweka hizi mbili pamoja unaona wale wasimuliaji walikuwa wanajua wanachofanya, mzuka kwenye ngano zao za kuchekesha mara nyingi ndo mnyonge, binadamu akimwona hajiulizi kama ana njaa, anajiulizia atamfaa nini. Wengine wamsagishe, Dingbo amuuze.

Kinyume chake pia kipo na lazima nikiseme, Gan Bao mwenyewe hakuwa anaandika kutuchekesha. Huyu alikuwa anaamini. Wasifu wake unasimulia kwamba baba yake alikuwa na mjakazi aliyempenda, baba alipofariki mama kwa wivu akamsukumia yule binti kaburini akazikwa naye, zaidi ya miaka kumi baadaye mama naye kafa, wakafungua kaburi, wakamkuta binti bado yuko hai. Ndo Gan Bao akaanza kukusanya habari za namna hiyo, na alisema wazi anataka kuonyesha kwamba mambo ya ulimwengu huo sio uzushi. Rafiki yake alipozisoma akamwambia wewe ni mwanahistoria mkweli wa mizuka. Sasa kwa mtu kama huyo habari ya Dingbo ni taarifa tu, na taarifa hii ina matumizi, mizuka ni myepesi, haisikiki ikivuka maji, haipendi mate. Ukisoma hivyo Dingbo hata sio shujaa, ni kama mtu aliyerudi safari akatuletea habari, na kumhukumu ni kama kumhukumu aliyetuambia dawa ya nyoka.

Ila kuna waliomfanya shujaa kwelikweli, na hapo ndo kicheko changu kinapunguaga. Mwaka 1961 huko Beijing taasisi ya fasihi ya chuo chao cha sayansi ilitoa mkusanyiko wa hadithi za watu wasioogopa mizuka, na ya Dingbo imo. Utangulizi uliandikwa na mshairi He Qifang, na Mao Zedong mwenyewe aliupitia na kuurekebisha. Hoja ya utangulizi huo, mizuka haipo, ila duniani kuna vitu vyenye tabia ya mizuka, mabeberu, wapinga mapinduzi, hadi majanga ya asili na shida za kazi, na ukiviogopa vinakutawala, usipoviogopa unavishinda. Kama somo la ujasiri sina tatizo nalo, tena huo ulikuwa wakati wa njaa kali China nzima baada ya ile Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya Mao ya kukuza uchumi kwa haraka, watu walihitaji moyo (japo walihitaji chakula kwanza). Tatizo ni ukishasema fulani ni mzuka umemaliza mjadala, huhitaji tena kujua alisema nini njiani, kama alikubeba au hakukubeba.

Na ilikwenda hukohuko. Mwaka 1963 michezo ya jukwaani yenye mizuka ikapigwa marufuku, serikali ileile iliyotoa hadithi za mizuka miaka miwili nyuma. Tarehe 1 Juni 1966, Mapinduzi ya Utamaduni ndo yanaanza, gazeti la Chama cha Kikomunisti likatoka na tahariri ya kuwafagia wote, kwa maneno yao, mizuka ya ng'ombe na majini ya nyoka, na safari hii mizuka wenyewe walikuwa walimu, waandishi, watu wazima wenye watoto na wajukuu. Walipofungiwa, sehemu hizo zikaitwa mazizi ya ng'ombe. Mi siwezi kusoma ile sentensi ya mwisho ya Dingbo, akamtemea mate asigeuke, bila kufikiria hapo. Mate yale hayamuui mzuka wala hayamfukuzi, angalia vizuri, kazi yake ni moja, kumbakiza kwenye umbo lile linalouzika. Umeshaitwa kondoo, baki kondoo.

Sisemi ngano ya Dingbo ndo ilisababisha hayo, nitakuwa mwendawazimu. Na mwenye hoja ya ujasiri ananijibu vizuri tu, kwamba kisu hakina kosa, kosa la mkono. Namkubalia nusu. Nusu nyingine nasema kisu hiki kimechongwa upande mmoja tu, maana msimuliaji hakutupa hata neno moja la mzuka akiwa sokoni, tumesikia tu kelele zake akiomba ashushwe halafu kimya, kashakuwa mnyama, na mnyama hasemi. Jaribu kuisimulia kuzimu, kwa mizuka watoto umeme umekatika, kwamba kulikuwa na babu yenu alikutana na mtu njiani akasema na yeye ni mwenzetu. Hakuna atakayecheka, watalala wamekumbatiana.

Kuna kitu kingine hakuna anayekiuliza, mzuka alikuwa anaenda sokoni kufanya nini? Yule mtoto mdogo alisema kununua vocha. Ila kweli, alikuwa na shida gani Wan? Hilo lilikuwa jiji la biashara hasa, miaka 2,000 iliyopita lilikuwa moja ya miji mitano, ukiacha mji mkuu, iliyowekewa maafisa wa serikali wa kusimamia bei za sokoni. Labda alikuwa na ndugu huko. Labda kuna mtu alikuwa anamwekea chakula. Kwa hiyo kuna mahali usiku ule walitenga sahani na aliyetengewa hakutokea.

Sasa nirudi kwa mama, maana nimezunguka sana. Mnunuzi. Huyu ndo mtu pekee kwenye hadithi nzima asiyejua kwamba yuko kwenye hadithi ya mizuka. Kaamka asubuhi, kaenda mnadani, kaona mnyama mzuri, kijana anauza haraka haraka na mnyama ana mate mgongoni, katoa 1,500. Sisi huwa tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, huyu kauziwa mbuzi bila gunia, kamwona kabisa kwa macho yake, kamshika mbavu, na bado kaibiwa. Mashabiki wa Dingbo na mashabiki wa mzuka tunabishana nani alimkosea nani njiani, na sote tumempita mtu aliyetoa hela. Dingbo unaweza kusema alikuwa anaogopa. Kwa mzuka unaweza kusema ni mzuka. Kwa mnunuzi utasema nini? Hakuwa adui wa mtu, hakudanganya, hakutisha, na yale mate yakikauka, au mvua ikinyesha, au ukifika wakati wa kuchinja, sijui kisu kitakuta nini pale shingoni. Na kama ni mtu wetu atakayesema bismillahi kwanza, ndo kabisa.

Kwa hiyo mjanja au tapeli? Njiani mjanja, sokoni tapeli, na tapeli wa watu wawili sio mmoja. Hapo nilikuwa nimefika nikajiona nimemaliza.

Asubuhi yake nikasikia kelele nje, nikatoka, nikakuta yule mdogo kasimama mbele ya beberu wa jirani, anamtemea mate kwa bidii zote, kidevu chote kimelowa, ati asigeuke. Jirani kaja juu, mzee mtaratibu lakini siku hiyo alikuwa amechemka, "kijana, shikamoo yako siitaki kwanza, nani kamfundisha mtoto kumtemea mate mnyama wangu, nimemnunua kwa hela yangu huyu!" Nikaanza kumweleza, mzee kuna hadithi moja ya Wachina, nikaona uso wake nikaacha, nikaomba radhi tu. Mama alikuwa dirishani muda wote anasikiliza.

"Haya," akasema, "mnunuzi huyo kaja, si ulikuwa humjui, mjibu."